Skripti ya vichekesho imekataliwa: msomaji wa Dar, mwalimu wa Kiswahili au sebule yenye watu saba?

Barua pepe ya kukataliwa ilinikuta Kabwe, jijini Mbeya, nimesimama nasubiri daladala ya Mbalizi. Ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilinishukuru kwa kuwatumia skripti yangu ya vichekesho vya runinga, ya pili ikasema haiendani na wanachokitafuta kwa sasa. Miezi minne nilikuwa nafungua simu kila asubuhi kuitafuta barua ile, na ilipokuja haikuwa na hata neno moja la kunionyesha nimekosea wapi. Magari mawili yaliondoka nikiwa bado nimeishika simu.

Nayaandika haya kwa mtu aliye pale nilipokuwa siku ile. Anaandika vichekesho usiku baada ya kazi, yuko Mbeya, Iringa au Njombe, hana anayemfahamu kwenye runinga, na wanaoamua wote wako Dar es Salaam. Swali lake la kwanza huwa "niirekebishe vipi?" Kwangu mimi kuna swali linalotangulia: nimpe nani aisome? Kila msomaji ana upande anaouona na upande asiouona. Ukikosea kumchagua, utarudi nyumbani na dawa nzuri ya ugonjwa usioumwa wewe.

Skripti ileile, kurasa 28, niliipeleka kwa wasomaji wa aina tatu. Nitaeleza kila mmoja alinipa nini.

Kwanza hadithi yenyewe, ili ulinganisho ueleweke. Ni sitikomu, yaani tamthilia ambayo watu walewale wanarudi mahali palepale kila wiki na kuingia kwenye matatizo mapya kwa tabia zao zilezile. Mahali pangu ni mashine ya kusaga, Mbalizi. Yupo mzee mwenye mashine, yupo binti yake anayekusanya pesa, yupo kijana wa mizani, na kuna foleni ya watu na madebe yao ya mahindi. Mashine ikinguruma, watu wote hupiga kelele ili wasikilizane. Luku ikiisha, mashine inazima ghafla, na yule aliyekuwa anapaza sauti husikika mtaa mzima akimalizia alichodhani ni siri. Katika sehemu ya kwanza, kijana wa mizani anamwambia mwenzake nani anampenda. Jina la binti wa mwenye mashine linatoka mdomoni mwake sekunde ileile luku inapoisha.

Msomaji wa mbali

Baada ya ile barua ya sentensi mbili niliandika tena, kwa adabu, nikiomba kama kuna aliyeisoma anisaidie sababu japo kwa ufupi. Sikutetea kazi yangu wala sikuuliza kwa nini fulani amepata. Wiki ya tatu nilijibiwa, na safari hii ilikuwa ukurasa mmoja na nusu kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma skripti.

Aliona mambo ambayo mimi nisingeyaona hata kwa mwaka mzima. Alihesabu maeneo ya kurekodia akapata 11: mashineni, nyumbani kwa mzee, sokoni, kanisani, kituo cha polisi, na kuendelea. Kila eneo ni gari, ni vibali, ni siku ya kulipa watu. Tamthilia ya aina hii inaishi kwa kuwa na maeneo mawili au matatu yanayojirudia. Akaniuliza kama nina sehemu 13, maana 13 ni wiki za robo mwaka, na kituo hakinunui kisa kimoja kizuri. Akaonyesha kwamba shida ya kijana wa mizani inaanza ukurasa wa 9, wakati kwa hesabu ya kawaida ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya skrini. Dakika 9 mtazamaji anangoja nini? Kisha akasema kurasa za 13 hadi 20, anapoingia kaka wa mzee kutoka Tunduma, ni hadithi nyingine kabisa.

Yote hayo alikuwa sahihi. Halafu akaandika juu ya ile sini ya luku, yaani lile onyesho la mashine kuzima: watu wanapiga kelele kurasa tatu, sioni kichekesho, ifutwe.

Nililala na sentensi hiyo siku nyingi. Kwangu ile sini ndiyo ilikuwa tamthilia nzima.

Gharama ya msomaji wa aina hii si pesa. Ni muda, na ni nafasi. Mlango uleule haugongwi mara tano kwa kazi ileile, kwa hiyo ukimpelekea rasimu ambayo bado ina makosa ambayo hata jirani yako angeyaona, umemtumia mtaalamu kukusahihishia mambo ya jirani.

Mwalimu

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari amestaafu, anaishi Tukuyu. Nilipanda gari Jumamosi na nakala moja kwenye bahasha, kwa sababu mvua ya Rungwe haina msimu wa kuaminika. Alinipokea kama zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea insha?"

Aliisoma mbele yangu kwa kalamu nyekundu, kwa saa mbili, bila kuinua kichwa. Alichonipa kwanza hakuna mwingine aliyeniambia: funika majina ya wahusika kwa kidole, kisha soma mazungumzo, uone kama utajua ni nani anayesema. Nilifunika. Sikujua. Mzee wa miaka 60, binti yake na kijana wa mizani wote walizungumza kama mimi, kwa sentensi ndefu zenye "ilhali" na "hali kadhalika". Zoezi hilo halina gharama yoyote na ninalifanya hadi leo.

Lakini mwalimu aliipima kazi kwa mizani ya fani na maudhui, ile tuliyofundishwa wote. Alitaka dhamira ionekane. Alitaka mzee mwenye mashine, ambaye anapunja kidogo kwenye mizani, aadhibiwe mwishoni ili jamii ijifunze. Katika tamthilia fupi ya jukwaani ningemsikiliza. Sitikomu haiwezi kufanya hivyo, maana mzee akiadhibiwa na kuongoka wiki ya kwanza, wiki ya pili hakuna mashine, hakuna foleni, hakuna cha kucheka. Mhusika wa sitikomu hajifunzi, au anajifunza usiku na asubuhi amesahau. Mwalimu hakukosea kwa taaluma yake. Mimi ndiye nilimuuliza swali la kazi nyingine.

Kwa hiyo kwa lugha, kwa sauti ya mhusika, kwa neno lililowekwa pasipo pake, mwalimu anampita msomaji wa Dar kwa mbali. Kwa umbo la kipindi usimsumbue.

Sebule

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo nilipobadilika.

Nilitoa nakala nane pale Mwanjelwa, ukurasa shilingi 100, jumla 22,400. Kwangu ni pesa. Nikawaita watu saba Jumapili saa nane mchana. Ilikuwa Julai, na Julai kwetu jua likishaanza kushuka hakuna anayetaka kukaa mbali na jiko. Alikuja binamu yangu, shemeji, mama jirani anayeuza maparachichi, dereva wa bodaboda wa kijiweni kwetu, na wengine watatu wa kwaya. Kila mmoja nikampa mhusika. Mimi sikujipa mhusika yeyote. Nilikaa pembeni ya mlango na nakala ya nane na penseli.

Sikuwaeleza chochote kabla. Hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu mdomo unawasha kutaka kusema "hapa inabidi muelewe kwamba..." Mtazamaji wa runinga hatakuwa na wewe sebuleni kwake kumwelewesha.

Wakafika kwenye sini ya mashine. Wakaanza kusoma taratibu, kama watu wanaosoma somo kanisani, na mimi nikaona msomaji wa Dar alikuwa na haki. Ilikuwa kelele isiyo na maana. Binamu yangu akasimama, akatoka nje, akarudi na debe tupu na mti. Akaanza kulipiga. Ghafla watu wote walilazimika kupaza sauti kweli, shemeji akawa anasoma mistari ya kijana wa mizani huku mishipa ya shingo imesimama, na binamu akaacha kupiga. Kimya. Shemeji akawa peke yake na jina la binti hewani.

Mama jirani alicheka hadi akaweka karatasi chini. Nje ya dirisha watoto ambao hawakuwa wanatusikiliza walicheka pia.

Nilijifunza kitu siku hiyo ambacho msomaji wa Dar na sebule, kila mmoja peke yake, asingeweza kunifundisha. Sebule ilinithibitishia kwamba kichekesho kipo. Msomaji alinithibitishia kwamba hakipo kwenye karatasi. Wote wawili walisema kweli. Mimi nilikuwa nimeandika "mashine inazima" katikati ya aya ya maelezo, maneno mawili yaliyofichika kama sindano kwenye gunia la pumba, na jicho la msomaji likapita. Nilipoandika upya, mistari ya kelele ikawa mifupi, kila mtu anamkatisha mwenzake. Sentensi ya kijana ikakatika kwenye jina. Kisha mstari mtupu. Kisha peke yake: Luku imeisha. Kimya. Sini ikashuka kutoka kurasa tatu hadi moja na nusu. Dawa aliyoitaja msomaji ilikuwa kufuta, na hiyo haikuwa dawa. Ila mahali alipoweka kidole ndipo palipouma.

Sebule ina hatari yake. Ndugu hucheka kwa kukupenda, na ukiwauliza "mmeionaje?" watasema nzuri sana, hongera. Usiulize. Tazama miili yao. Kwenye nakala yangu niliweka alama ya vema palipochekwa, na duara pale mtu alipogusa simu. Vema zilikuwa 9. Kutoka ukurasa wa 13 hadi 20 hapakuwa na hata moja, na maduara yalikuwa manne. Kurasa zilezile za kaka kutoka Tunduma. Mtu wa Dar na mama wa maparachichi, ambao hawajawahi kukutana, walikuwa wamekubaliana bila kujuana, na hapo sikuwa na cha kubishana. Kaka wa Tunduma nilimtoa usiku uleule, na nilimpenda sana.

Wakubwa nao walipopimwa vibaya

Watu wakikufariji baada ya kukataliwa watakutajia waliokataliwa wakafanikiwa. Mifano miwili ya kweli inafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kila mmoja unasema jambo tofauti.

Mwaka 1974 msomaji wa skripti za vichekesho wa BBC aliipitia skripti ya kwanza ya Fawlty Towers, iliyoandikwa na John Cleese na Connie Booth. Aliandika kwamba ni mkusanyiko wa mambo yaliyochakaa na wahusika wa mazoea, wala haoni itakavyoweza kuwa kitu kingine isipokuwa balaa. Mwaka uliofuata ilirushwa. Zilitengenezwa sehemu 12 tu kwa jumla, nyingine zikaja mwaka 1979, na bado inahesabiwa miongoni mwa vichekesho bora vya Uingereza. Msomaji yule alisoma karatasi. Hakuona miguu mirefu ya Cleese wala hakusikia hasira yake ikipanda. Ndiyo shida ya luku yangu.

Mfano wa pili unaipinga sebule. Mwaka 1989 kituo cha NBC cha Marekani kilipima sehemu ya kwanza ya Seinfeld kwa watazamaji wa majaribio, na ripoti ikaiita dhaifu. Hao hawakuwa wasomaji wa karatasi, walikuwa watazamaji. Hata hivyo kituo kiliagiza sehemu 4 zaidi, na tamthilia ikaenda misimu 9 hadi 1998. Kwa hiyo watu wa kawaida nao hukosea, hasa wanapokutana na kitu kisichofanana na walichozoea kisha wakaombwa kukipa alama. Ndiyo maana nasema tazama kicheko, usiombe alama.

Wala usichukue mifano hii kama ruhusa ya kutosikiliza. Wote hao walikuwa na mtu mmoja ndani ya kituo aliyeamini kazi na kuipa nafasi. Sisi wa huku hatuna mtu huyo bado, na njia ya kumpata ni kumpelekea kazi iliyokwisha kusafishwa.

Uanze na nani

Kama barua yako ya kukataliwa haina sababu, anza na sebule. Barua ya sentensi mbili haina habari yoyote ndani yake, hata uisome mara 40 kama mimi. Inaweza kumaanisha wameshanunua kichekesho kingine, au hawakupita ukurasa wa 3. Usiitafsiri.

Kama barua ina sababu, zipange kwa aina. Zinazohusu pesa na umbo, yaani maeneo, idadi ya wahusika, urefu, sehemu 13, mwamini msomaji wa mbali moja kwa moja, maana hata kama sebule nzima imecheka, kipindi kisichoweza kulipiwa hakirekodiwi. Zinazosema "haichekeshi", zipeleke sebuleni kabla ya kugusa neno. Zinazohusu mazungumzo kusikika ya mtu mmoja, nenda kwa mwalimu.

Kuna sababu moja ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini tutaipata daima: punguza maneno ya kwenu, mtazamaji wa Mwanza hataelewa. Mimi nina mteja mashineni anayetoka Iringa, akiingia anasema "kamwene", na mama wa Kinyakyusa anayeshukuru kwa "ndaga fijo". Msomaji wa Dar alitaka vyote viondoke. Sebule ilitaka viongezwe. Nimeamua hivi, na sioni aibu kuusimamia uamuzi huu: neno linabaki kama matendo ya mhusika yanalieleza, linaondoka kama kicheko chote kinategemea kulijua. Mtu anayeingia, anainama kidogo na kusema "kamwene", hata mtu wa Tanga ataelewa amesalimiwa. Lakini nilikuwa na utani mmoja wa Kisafwa ambao ulihitaji ujue maana mbili za neno moja. Watu watatu kati ya saba walicheka, wanne wakawatazama hao watatu. Niliutoa.

Kwa walioko Iringa, nadhani mna nafasi ambayo sisi hatuna kwa urahisi huo: chuo cha Mkwawa kinafundisha walimu, na mwanafunzi anayesomea kufundisha Kiswahili ana sikio la mwalimu na umri wa mtazamaji. Watano wa namna hiyo na chai ya maziwa wangenifaa kuliko safari yangu ya Tukuyu.

Juu ya hofu ya kuibiwa, kwa kifupi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kazi inalindwa tangu unapoiandika, na unaweza kuisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, upate ushahidi wa tarehe. Wazo tupu halilindwi. "Vichekesho vya mashine ya kusaga" si mali yangu, kurasa zangu ndizo mali yangu. Hofu hii imewafanya vijana wengi ninaowafahamu wasimwonyeshe mtu yeyote, na skripti isiyoonyeshwa hairekebishiki.

Kuirekebisha au kuanza nyingine

Hili nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wawili tunaosomeana. Kipimo changu ni cha wiki moja. Siku saba baada ya kusoma kwa sauti, mpigie mmoja wa waliokuwepo, muulize anakumbuka nini. Akikutajia mtu, "yule mzee wa mizani bado anapunja?", unayo tamthilia, irekebishe hata mara sita. Akikutajia mzaha mmoja tu na hakumbuki aliusema nani, weka skripti kabatini, chukua mzaha wako, anza nyingine. Wahusika ndio wanaobeba sehemu 13. Mzaha hubeba dakika moja.

Kwangu mimi, yule dereva wa bodaboda hakungoja nimpigie. Siku ya tano alinisimamisha njiani akauliza kama kijana wa mizani alirudi kazini kesho yake, na mzee alimfanya nini. Sikuwa nimeandika hilo. Nilimwambia sijui, akanitazama kama ninayemficha.

Usiku huo nilianza sehemu ya pili. Kijana anarudi mashineni asubuhi kabla ya watu, luku imejazwa, na anakuta mzee mwenyewe amesimama kwenye mizani. Nakala zitatoka mwisho wa mwezi, saba badala ya nane, kwa sababu binamu amesema yeye hahitaji karatasi, ahifadhiwe debe.